Hakuna Dawa Miguuni Mwako

Kwaluguru, Ijumaa jioni

Mwanangu Rajabu,

Ukiiona karatasi hii utakuwa umeshaipita Mkata, na Landrova ya shirika lenye timu yako mpya imeshakufikisha Dar es Salaam. Nimeificha chini kabisa ya begi, chini ya mashati mawili aliyokunyoshea mama yako, kwa sababu nakujua: begi hulifungui mpaka ufike. Habari za kula, kulala, kufua jezi na kutokopa kopa hovyo, mama yako amezimaliza wiki nzima hii na sitaki kumwingilia kazi yake. Mimi nina jambo moja tu, na ni la aibu. Uso kwa uso ningelishindwa. Ningeanza hadithi za mpira, tungecheka, mara Landrova hiyo mlangoni.

Tangu jana uko Kerenge kumuaga bibi yako, kwa hiyo leo msikitini hukuwepo na hujui nilichofanya. Ukishuka kwenye basi jioni hii watu watakutazama, nawe hutajua kwa nini. Nimemwomba mama yako asiseme neno, nataka ulisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Basi sikiliza. Jumanne ile alipokuja Katibu wa timu yenu mpya, ulipokwenda kumchotea maji ya kunawa, alinisogelea akaniambia, "Mzee, kijana wako tumemwona Korogwe mara mbili. Kiungo wa haja, sikufichi. Lakini viongozi wenzangu wanasema mtoto wa mganga wa Handeni haji mjini mikono mitupu. Mfungie kamzigo, nasi tutamweka vizuri, nafasi yake haitaguswa na mtu."

Nami badala ya kumwambia ukweli nikasema, "Tutaona." Ukarudi na maji, tukala bada na mlenda, ukawa unacheka kwa furaha, na mimi nikakusogezea mlenda wangu.

Rajabu, umekua ukisikia kijiji kizima kinaniita Bwana Mganga. Umewahi kuniona nikitibu hata kuku? Mimi si mganga, na sijawahi kuwa. Babu yangu naye hakuwa mganga. Babu yangu alikuwa anafuga mbuzi na kusinzia, basi, na mbuzi wenyewe walikuwa wanamkimbia. Jina hili nililipata kwa ulimi wangu mwenyewe, na limenila miaka yote hii. Sasa naona linataka kukula na wewe.

Nilikwenda Mazinde nikiwa na umri kama wako, mkoloni bado yupo, kukata mkonge katika shamba la Mgiriki mmoja. Huko nikamkuta Lukas, Mbena wa Njombe, mmoja wa wale manamba walioletwa kwa mkataba kutoka mbali. Alikuwa mfupi, mkavu, mkali kama pilipili, na ndiye aliyekuwa sentahafu wa timu ya shamba. Zamani hatukusema kiungo, tulisema sentahafu. Tukimaliza kazi mchana tulikuwa tunacheza kwenye uwanja ulio nyuma ya korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, na harufu ya maji yake ilikuwa inakuingia mpaka kwenye mate.

Wewe mkonge umeuona ukiwa ndani ya basi. Kuukata ni jambo jingine. Kila jani lina mwiba nchani, mgumu na mweusi. Ukiinama kukata jani la chini kabla hujatazama kushoto na kulia, mwiba wa mche wa pili unakungoja usawa wa jicho. Kambini kwetu walikuwepo watu wazima wenye jicho moja, wala hakuna aliyekuwa akiwauliza kulikoni. Kwa hiyo mkata mkonge hugeuza shingo kwanza, ndipo huinama. Baada ya mwezi hujui hata kama unageuza.

Siku ya kwanza niliyocheza mbele ya Lukas, alinitoa uwanjani kabla hata sijatoka jasho. "Wewe Mzigua," akanambia, "mkongeni unageuza shingo vizuri kabisa. Mbona hapa umekuwa gogo? Mpira ukishakufikia umechelewa. Tazama kabla haujafika!" Akanisimamisha katikati, akaweka vijana wawili nyuma yangu, Juma na mwenzake, akashika mpira mkononi. "Juma yuko mkono gani?" Sijui. "Basi hupati mpira." Wallahi, wiki nzima sikuugusa. Nilikuwa nasimama pale nageuza shingo tu, na wanawake waliokuwa wanapita na ndoo wananicheka.

Lakini nilipoanza kuupata, loo! Mpira unakuja na mimi nimeshajua nani yuko wazi, nani ananijia na ana hasira kiasi gani. Naugusa mara moja, umekwenda. Siku moja watu walinipigia makofi sana kwa chenga nilizopiga, nikarudi kwa Lukas nimevimba kichwa. Akanitazama akasema, "Ukipigiwa makofi sana, jua umekaa na mpira mno. Anayefunga ndiye wa kupigiwa makofi. Wewe kazi yako ni yeye afunge." Nikanuna siku mbili. Hilo nalo sikulielewa mpaka nilipokuwa nimeshakosa kila kitu.

Ukaja Uhuru. Mashamba yakashindana kwenye sherehe, na waliokuwa wakitazama walikuwemo watu wa klabu moja ya Tanga. Wakanichukua. Wakanipa kazi kwenye ghala, kuhesabu magunia asubuhi, na mazoezi jioni. Nikavaa njumu kwa mara ya kwanza, zikanichuna mpaka nikamkumbuka marehemu mama. Lukas alinisindikiza stesheni ya Mombo. Alinishika shingo hivi, akaigeuza kushoto, akaigeuza kulia, akacheka, akaenda zake.

Mechi za mwanzo nilicheza mpira, mwanangu. Acha nijisifu kidogo, nimezeeka. Watu wa Tanga wakaanza kusema huyu kijana ana macho kisogoni. Baada ya mechi ya tatu au ya nne, tuliyoshinda vizuri sana, tuko chumba cha kubadilishia nguo, kapteni wetu akanigeukia mbele ya wote. "Hebu tuambie kweli, mtoto wa Handeni. Umekula nini wewe?"

Pale pale nilikuwa na jibu. Ningesema, nimefundishwa na Lukas, mkata mkonge wa Mazinde. Maneno mafupi. Lakini wale walikuwa watoto wa mjini, Rajabu, wanavaa viatu vya ngozi na suruali za kupiga pasi, na neno walilokuwa wanatutania nalo sisi tuliotoka mashambani lilikuwa hilo hilo, manamba. Nikaona aibu kuwaambia kwamba mpira wangu umetoka kwenye mkonge. Na wao walikuwa wanajua kwamba Handeni ndiko kwenye waganga. Nikatabasamu kidogo, nikasema, "Haya ni mambo ya babu. Hayasemwi."

Kapteni akanipisha nafasi kwenye benchi. Hakuna aliyewahi kuniheshimu vile maishani mwangu. Nikasikia raha, sikufichi, raha mpaka kwenye vidole vya miguu.

Nikainua macho mlangoni, nikamwona Lukas. Alikuwa amepanda treni kuja kunitazama nikicheza. Ana kikapu mkononi, ameniletea ndizi na chupa ya asali, na amevaa shati lake jeupe la kanisani. Alikuwa amesikia yote. Nikasimama. Yeye akaweka kikapu chini taratibu, akasema, "Hongera, Bwana Mganga." Akatabasamu, akatoka. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuniita jina hilo. Nilimfuata mpaka barabarani nikiwa na kiatu kimoja, sikumwona. Mwaka ule ule mkataba wake ukaisha, akarudi kwao Njombe, na mimi sikwenda, wala sikuandika. Kila mwaka nikasema mwaka ujao. Sijui kama yu hai.

Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikutia maji tu, nilimimina ndoo. Uongozi ukaanza kunituma Handeni kila mechi kubwa inapokaribia, nikalete mzigo. Badala ya kufanya mazoezi nilikuwa ndani ya basi. Nafika kwa shangazi, nachimba mizizi yoyote nyuma ya jiko lake, naifunga kwenye kitambaa chekundu, napanda basi kurudi. Shangazi akawa ananiuliza, "Wewe mtoto, kwani mjini hamna kuni?" Naingia uwanjani siku ya mechi nimechoka, nimelala kwenye kiti cha basi, miguu imevimba. Mpira unanifikia sijatazama. Kijana mmoja wa Pangani akawa anafanya mazoezi nafasi yangu kila siku, kimya kimya. Sikumwona mpaka alipovaa jezi yangu.

Njia ya mwongo ni fupi. Tulipofungwa mechi tuliyotakiwa kushinda, hakuna aliyesema sentahafu amechoka, wala hakuna aliyesema hajafanya mazoezi. Walisema nimeuza dawa kwa wapinzani. Ningejitetea vipi? Niwaambie hakukuwa na dawa? Nani angenielewa? Mashabiki walikuja hadi ninapolala na mawe. Nikaondoka Tanga asubuhi juu ya lori la chumvi, na njumu zangu nimeziacha huko. Hivyo ndivyo mpira wangu ulivyokwisha. Wewe nilikwambia ni goti. Goti langu ni zima kabisa.

Jina likanitangulia nyumbani. Nikaoa, akazaliwa dada yako, ukazaliwa wewe, tukahamishiwa hapa kijijini wakati wa Operesheni Vijiji, na hata hapa, kati ya nyumba mpya na majirani wapya, mtu mmoja akasema, "Huyu ndiye yule mganga wa timu." Nikapewa kiti cha mbele kwenye sherehe. Kwenye shamba la kijiji nikapangwa mahali pepesi. Ningeweza kukataa. Nilikikalia kiti hicho, mwanangu, na nikakizoea.

Sasa njoo kwako.

Unakumbuka tulipokuwa tunapalilia mahindi, wewe huna hata meno ya mbele, nakuuliza ghafla, "Mama yako yuko mkono gani?" Ukikosea, unapalilia mstari wangu. Ulidhani ni mchezo. Ukawa unanishinda, ukaanza kunitajia mpaka mbuzi wa jirani walipo, na nani anapita barabarani na amebeba nini. Hayo ndiyo mazoezi ya Lukas. Sikuwa na njia nyingine ya kumlipa, na hata hapo sikukutajia jina lake. Nakutajia leo.

Na kuna jambo najua limekukaa rohoni. Uliwahi kumwambia mama yako, "Baba kila mtu anamjua kwenye mpira, lakini mimi hajawahi kuja kunitazama." Mama yako alinipa maneno hayo kama alivyoyasikia, wala hakuyapunguza ukali. Ukweli ni kwamba nilikuja. Mara ya kwanza ulipocheza ukiwa shuleni Korogwe nilisimama pembeni ya mstari, na wapinzani wakaniona, wakaanza kelele, "Mzee wa Handeni kaja na vitu vyake!" Ukatoa pasi moja safi sana, na nyuma yangu mtu akasema, "Umeona? Dawa hiyo." Pasi yako, kazi yako, jasho lako, mtu anamkabidhi babu yangu na mbuzi wake! Tangu siku ile nilikuwa nakuja nimevaa koti kuukuu na baraghashia ya mjomba wako, nasimama nyuma ya akina mama wanaouza mihogo ya kukaanga. Wamenizoea. Wananiita Mzee Muhogo.

Nimeziona mechi zako nyingi kuliko unavyodhani. Nakumbuka ile ya mwisho, na timu ya shamba la mkonge, wale mabeki wao wa miraba minne. Mlikuwa sare, watu wameanza kutazama saa. Mpira ulipigwa chini chini kutoka nyuma, unakujia mgongoni kwako, na jamaa wawili wanakufuata mmoja kila upande. Ulitazama mara moja kulia. Ukatazama kushoto. Kisha hukuugusa! Ulipisha, ukaruka, mpira ukapita chini yako ukamkuta winga wako yuko peke yake na kipa. Akafunga. Watu wote wakamkimbilia winga, wakambeba. Wewe ukabaki katikati pale, unafunga kamba ya kiatu.

Nilikaa chini kwenye majani, Rajabu. Yule mama wa mihogo akaniuliza, "Mzee, unaumwa?" Nikamwambia hapana, nalia tu. Maana mimi siku zangu nzuri kabisa ningeugusa mpira ule. Ningetaka watu wajue kwamba ni mimi. Lukas mwenyewe sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Umenizidi, mwanangu. Umenizidi mbali sana, na wala sina wivu, nina furaha ambayo siwezi kuibeba peke yangu. Nimekuwa nikiwaambia watu kwamba unafanana nami uchezaji. Uongo mwingine huo.

Ndiyo maana leo asubuhi, Katibu aliporudi kuchukua mzigo, nilimwambia ukweli. "Bwana Katibu, hakuna dawa. Haijawahi kuwepo." Unajua alifanya nini? Alicheka mpaka akashika mbavu! "Mzee wewe kiboko. Mganga wa kweli hajisemi." Akanipiga begani, akaninong'oneza, "Basi najua. Umeshamchanja. Iko mwilini mwake." Akaondoka amefurahi kuliko alivyokuja.

Nikaona sasa umekwisha. Utafika mjini, utavunja mgongo wako kwa mazoezi, na kila utakachofanya watasema chale za baba yake. Ukishinda watakuogopa, na kuogopwa kutakunogea kama kulivyoninogea mimi. Ukishindwa watakurushia mawe. Na mpira wako wewe hautakuwa wako hata siku moja.

Baada ya sala ya Ijumaa nikamwomba imamu nafasi. Nikasimama. Katibu alikuwa safu ya tatu. Nikasema yote, kama nilivyokuandikia hapa: babu, mizizi ya nyuma ya jiko, kitambaa chekundu, Lukas. Nikasema, "Mwanangu hana hirizi, hana chale, hana mzizi. Anayetaka kuhakikisha, amtazame akioga. Anachokijua amekifanyia kazi tangu hana meno."

Mwanzoni walidhani natania. Kisha mjomba wako akasimama, amekasirika, akasema nimeuvunjia ukoo heshima. Mzee mmoja akauliza, kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unakaa kiti cha mbele bure? Nikasema, ndiyo, bure. Wengine wakacheka, na kicheko hicho nitakisikia muda mrefu. Nilistahili.

Nje, Katibu alinifuata. Hakuwa anacheka tena. "Mzee, umeniharibia. Nafasi ya huyu kijana niliiomba kwa jina lako." Nikamwambia, "Basi mwombee kwa miguu yake." Akachora chini kwa kiatu. Mwishowe akasema atakuchukua kesho kama mlivyopanga, lakini hakuna tena nafasi ya kuwekewa. Utajaribiwa pamoja na vijana wengine, na ukionekana hutoshi utarudishwa.

Hilo nimekufanyia mimi, bila kukuuliza. Nimekuondolea kitu ulichokuwa umeshakishika mkononi. Ukinikasirikia una haki, nikasirikie, ila soma mpaka mwisho kwanza. Na wakikurudisha, rudi mchana, pitia barabara kubwa, mlango ni wako. Lakini mimi niliyekuona siku ile mpaka nikakaa kwenye majani, sidhani kama watakurudisha.

Watu walipokuwa wanatawanyika, Shabani mwenye cherehani, unamjua kwa utani wake, alinisimamisha mbele ya wenzake. "Haya bwana," akasema, "Mganga umekataa. Sasa tukuite nani?"

Sikufikiri hata kidogo. Nikamwambia, "Niiteni baba yake Rajabu. Yule anayecheza kiungo."

Mimi niliyekuzaa,
Baba yake Rajabu